Ruhusa ya Kulia

Généreuse wa Kirolirwe ana karata, na kabla hujakunja uso ukaanza kukemea pepo, sikiliza kwanza. Si karata za kuchezea, na yeye si mfumu wa kupiga ramli. Ni karata za picha: mfalme kwenye kiti chake, mwanamke anayemshika simba kinywa, mtu aliyening'inizwa mguu mmoja kichwa chini. Taroti, ndivyo zinavyoitwa. Alipewa na mama mmoja Muzungu aliyekuja Kirotshe kufundisha namna ya kukaa na watu walioumizwa na vita. Muzungu akarudi kwao, karata zikabaki kwa Généreuse, zimefungwa ndani ya kipande cha kitenge, kwenye nyumba ya kusikilizia shida za watu, iliyo nyuma ya soko.

Kuna watu wanaozitumia kutabiri, Muzungu hakuficha. Yeye lakini aliwafundisha kina Généreuse vingine. Mama anaingia, anakaa, anavuta karata moja bila kuchagua. Anaitazama polepole. Anapumua mpaka mabega yashuke. Halafu anasema anachokiona, na ni wapi mwilini kinamgusa. Basi, hakuna zaidi. Ukimuuliza Généreuse habari ya kesho atakukata kauli: "Kesho mimi sijui, dada. Leo tu njo tuko nayo. Unaona nini?"

Wee, mwanzoni alipata tabu! Nadine, muuza viazi, alikataa kugusa karata mpaka aiombee kwanza, na akaiombea kwa sauti hadi waliokuwa wanasubiri nje wakaitikia amina. Alipoigeuza akakuta mnara unapigwa na radi, moto unatoka madirishani. Sasa Nadine nyumba yake iliteketea siku walipokimbia kijijini, lakini miaka yote alikuwa anasema atarudi kuchukua vyombo, kana kwamba sufuria zilikuwa zimekaa zinamngoja. Aliitazama ile karata muda mrefu. "Njo nyumba yangu hii," akasema. "Iliungua." "Iliungua yote," Nadine akarudia, akalia mpaka kamasi zikamtoka. Siku zilizofuata akawa analala usingizi, na hakutaja tena vyombo.

Kisha akaja Papa Sebarenzi, mzee wa kanisa, Biblia kwapani na kiberiti mfukoni. Amekuja kuchoma. Généreuse akamwambia, "Papa, uvute basi moja, ujue ni nini unachoma." Ikatoka ya mzee wa ndevu, peke yake gizani, ameinua taa. Papa Sebarenzi akaisogeza karibu na macho. "Huyu ni mimi nikienda choo," akasema, na kicheko kikamponyoka kabla hajakizuia. Kisha uso ukabadilika. "Tangu mama ya watoto afariki," akasema, "hakuna muntu ananiuliza kama nimesharudi ndani." Alikaa pale hadi soko likafungwa. Kiberiti hakukitoa.

Utasema, huyu mama mwenyewe lazima amepona, ndiyo maana anaponya wengine. Aka! Hapo njo pabaya penyewe.

Michel, bwana yake, alikuwa mchuuzi wa fromaji, yaani jibini. Alikuwa anapakia zile za mviringo zinazotengenezwa huku kwetu kwenye ng'ombe wengi juu ya pikipiki, na kuziteremsha mpaka Walikale, porini, ambako maziwa ni ya kutafutwa. Safari ya mwisho alikwenda na Kanyamibwa, mchuuzi mwenzake, kila mmoja na pikipiki yake. Kwenye kona moja ya msitu risasi zikalia. Kanyamibwa alitupa pikipiki akaingia porini. Aliporudi siku ya pili na wanakijiji wa huko, alikuta pikipiki ya Michel imelala ubavu, fromaji zimekanyagwa kwenye tope, na damu nyingi, nyingi sana. Michel hapana.

Kanyamibwa alikuja kuyasema hayo mwenyewe, ameinamisha kichwa uani. Généreuse alimsikiliza hadi mwisho, akamuuliza kitu kimoja tu.

"Ulimuona amekufa?"

"Hapana, shemeji. Lakini ile damu..."

"Sikukuuliza damu."

Tangu siku hiyo ukimuuliza kuhusu bwana yake, jibu lilikuwa lile lile: "Iko Walikale." Sokoni, kanisani, kwa mgeni na kwa mwenyeji, bwana yangu iko Walikale. Watu wakaacha kuuliza. Na mimi nisikudanganye, katika nchi hii ambapo watu hupotea porini na wengine hurudi wamekonda kama ufito, nani angemlaumu? Shida haikuwa yeye kungoja. Shida ni kwamba hakuwa anangoja peke yake.

Katika ukoo wa Michel, mtu akipotea na mwili usipatikane, wanakata mugomba. Shina la mgomba linapimwa urefu wa mwenyewe, linavikwa blanketi, linazikwa kama mtu. Mke ndiye hutupa udongo wa kwanza. Kabla hajatupa, hakuna anayeruhusiwa kumlilia marehemu kwa sauti, kwa sababu kumlilia mtu ambaye mke wake bado anamshikilia ni kumwitia kifo akiwa njiani. Mke akishatupa, anayeanza kulia ni mama mzazi, halafu ndipo dunia nzima inalia.

Na Michel alikuwa na mama. Nyirabagenzi, mzee wa maneno machache, nyumba yake ilikuwa uani pale pale kwa Généreuse. Damu ya mtoto wake imemwagika barabarani, na yeye hajalia. Alipalilia maharage amebana midomo. Alikwenda misa, akasikia wengine wakiombewa marehemu wao, akabana midomo. Ndagijimana, kaka mkubwa wa Michel, alikuja kuomba zaidi ya mara moja: "Shemeji, mama anazeeka. Tukate mugomba." Généreuse alimwangalia kama mwizi. "Munataka kuzika muntu muzima?" Ndagijimana akawa anaondoka na kofia yake mkononi.

Na asubuhi inayofuata, huyu huyu Généreuse anafungua kitenge chake kule nyuma ya soko, anawaambia bamama wa watu wapumue, wapokee kilichopo. Hasira inakupanda, sivyo? Mimi ilinipanda. Lakini mwangalie vizuri. Hakuwa mnafiki. Maneno yale aliyaamini kabisa, ila kwa wengine. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuta karata.

Mwaka huu Nyirabagenzi akavimba miguu. Wakampeleka hospitali Kirotshe, daktari akamsikiliza kifua, akamwita Ndagijimana pembeni, akamwambia moyo umechoka, mama akakae na watu wake. Wakamrudisha, wakamlaza kwenye godoro karibu na mlango ili apate mwanga. Alasiri moja Généreuse alimletea uji, mama mukwe akausogeza kando.

"Mukamwana wangu, leta zile karata zako."

"Za nini, Mama? Upumzike."

"Bamama ya soko yote wanapona juu yako. Mimi sina roho? Leta."

Akaleta. Yule mzee akavuta moja. Akaisogeza karata karibu, akaipeleka mbali, akaikunjia macho ambayo ukungu umeshayaingia. Akamrudishia.

"Macho imekataa. Uniambie wewe."

Sasa Généreuse, ambaye siku zote ndiye mwenye kuuliza, akawa hana pa kukimbilia.

"Ni muntu," akasema. "Amevaa nguo nyeusi, ndefu. Amesimama."

"Mbele yake kuko nini?"

"Vikombe. Vimeanguka. Kilichokuwa ndani kimemwagika chini."

"Na yeye anafanya nini?"

Généreuse aliitazama. Kichwa kimeinama, mabega yamelegea, uso umefichwa na nguo. Angeweza kusema amelala wima, angeweza kusema anasali.

"Analia, Mama."

Nyirabagenzi akatikisa kichwa taratibu, kama aliyesikia habari njema ya mtu wa mbali.

"Iko na bahati," akasema. "Nani alimupa ruhusa?"

Généreuse akasimama kwa hasira, kijiko cha uji kikaanguka. "Mama, Michel hajakufa!"

"Sikusema amekufa. Hiyo ni yako na Mungu. Ninasema kifua kimejaa." Mzee alikuwa anahema. "Ni mimi nilimuzaa, mukamwana. Nilinyamaza sababu yako, nikasema wewe mubibi yake unajua. Sasa niende na hii kilio mpaka kwenye udongo?"

Généreuse alitoka nje, akapita nyuma ya nyumba, akakaa chini kati ya mistari ya maharage. Alijaribu kufanya kile anachowafundisha wengine. Mabega yalikataa kushuka. Akajiuliza kwa sauti, kama kichaa, "Unaona nini?" Akaona pikipiki imelala ubavu. Akaona fromaji kwenye tope. Akaona ile damu ambayo Kanyamibwa alitaka kumwambia na yeye akamfunga mdomo. Aliwachukia wote saa hiyo: Kanyamibwa aliyekimbia, Muzungu na karata zake, na Michel kuliko wote, Michel aliyeambiwa barabara si nzuri akajibu fromaji zitaoza. Alikaa pale na chuki yake mpaka ikaisha, na chini yake akakuta kitu ambacho alikuwa anakijua tangu siku ya kwanza. Alikijua, jamani. Alikijua Kanyamibwa alipoingia uani peke yake.

Ndagijimana alikuwa anakamua alipomwona anakuja.

"Shemeji," akasema Généreuse, "kesho ukate mugomba."

Maziwa yakamwagika kidogo. Ndagijimana alifuta mikono kwenye suruali na kuanza kulia bila sauti, kwa sababu sauti bado haikuruhusiwa.

Asubuhi watu walijaa uani. Shina likalazwa kwenye majani, na kwa desturi yao mke ndiye hukagua kipimo. Généreuse akalizunguka, akalitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Mumemuongezea," akasema. "Michel alikuwa mufupi."

Kisha Kanyamibwa akakohoa, na kikohozi kikageuka kicheko, maana ni kweli, Michel alikuwa mfupi na hakukubali hata siku moja. Kwenye picha alikuwa anasimama juu ya jiwe. Ndagijimana akachukua panga akapunguza. "Bado," akasema Généreuse, na watu wakacheka hadi Papa Sebarenzi akajifunika uso na Biblia. Akapunguza tena. Safari hii hakuna aliyecheka. Kilikuwa kimo chake kabisa, pale chini, kimelala.

Généreuse alilivika blanketi mwenyewe, akalibana pembeni kama wanavyofanyiwa watoto wakati wa baridi. Wakaliteremsha. Akachota udongo, akanyoosha mkono juu ya shimo, na vidole vikakataa kufunguka. Watu walingoja. Akapumua. Akapumua tena.

"Michel amekufa," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza. Vidole vikafunguka, udongo ukaangukia blanketi.

Basi macho yote yakamgeukia Nyirabagenzi. Walikuwa wamemleta kwenye kiti, shuka imemzunguka magoti. Bamama walikuwa tayari, wameshafunga vitenge viunoni, lakini hakuna anayeweza kumtangulia mama mzazi. Yule mzee akainua kichwa, akafungua kinywa, kifua kikapanda.

Hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Ikatoka pumzi tu, kavu, kama ya mtu anayepuliza moto uliozimika. Akapitisha mkono kwenye macho yake, akauangalia, mkavu. Akamtazama mkamwana wake kwa mshangao.

"Haitoke," akasema. "Nimeikalia sana, mukamwana. Nimesahau namna ya kulia."

Ndagijimana aligeuka akatazama mlima. Généreuse alijua ni nani aliyefanya hivyo, hakuhitaji kuambiwa na mtu. Alipiga magoti kwenye udongo mbichi mbele ya kile kiti.

"Nisamehe, Mama."

"Usiniombe musamaha, ulie," akasema Nyirabagenzi. "Ulie yangu na yako. Mimi nitasikiliza."

Généreuse akaweka uso kwenye magoti ya mama mukwe, akapiga ukelele uliofika mpaka kwenye ng'ombe wa ng'ambo ya bonde. Alimlilia Michel. Akalia na kile kilio kingine, cha mama yake Michel, ambacho yeye alikizuia kifuani mwa mwenzake hadi kikafa humo. Bamama wakampokea, uani kote kukalia. Nyirabagenzi alikaa wima, macho makavu, mkono mmoja juu ya kichwa cha mkamwana wake, akisikiliza mtoto wake anavyoliliwa, na hakutaka kurudishwa ndani mpaka sauti ya mwisho iliponyamaza.