Siku Bi Ilona Alipoyeyusha Risasi Jikoni Kwetu

Kazi yangu ya kwanza, nilipokuwa mtoto, ilikuwa ukalimani, na mshahara wangu ulikuwa biskuti. Tulikaa Wembley, Uingereza, kwenye nyumba za kaunsili, yaani za halmashauri ya mji, mimi, mama, na bibi yangu mzaa mama, Bi Zuwena, aliyekuja kutoka Unguja na Kiswahili chake na hakuona sababu ya kuongeza lugha nyingine. Kwenye mlango unaotazamana na wetu alikaa Bi Ilona, mjane mwenye Kiingereza cha kuokoteza. Wale wawili walipendana sana, ila hawakuwa na neno hata moja la kupeana. Basi nilikaa katikati yao jikoni, miguu haifiki sakafuni, nikipeleka maneno huku na kuyaleta huku.

Ndiyo maana habari za Vojvodina nimezijua kabla sijajua kusoma ramani. Ni jimbo alikozaliwa Bi Ilona, zamani hizo likiwa ndani ya Yugoslavia, nchi ambayo sasa haipo. Lilikuwa na bunge lake na mambo yake mengi likijiamulia lenyewe. Waserbia, Wahungari, Waslovaki, Waromania na wengine walikuwa humo kwa pamoja, na vibao vya ofisi za serikali viliandikwa kwa lugha zao zote, hata, alisema, ukimaliza kukisoma kibao ofisi imeshafungwa. Yeye mwenyewe alikuwa Mhungari, marehemu mumewe Mserbia. Bibi aliposikia hayo alicheka.

"Mwambie kwetu nako vivyo hivyo. Mwarabu, Mhindi, Mngazija, Mshirazi, sote tukigongeana milango kuombana chumvi."

Kisha akanisogezea biskuti. Yeye aliondoka kwao baada ya mapinduzi, na yaliyokuja baada ya chumvi hakupenda kuyasema. Bi Ilona naye alikuwa na yake. Mwishoni mwa miaka ya themanini jimbo lao lilinyang'anywa mamlaka, halafu nchi yenyewe ikaanza kupigana vipandevipande. Akawa anasikia mizinga ng'ambo ya mto Danube. Wanawe wakubwa walipoitwa jeshini aliwachukua watoto wote, wakakimbia.

Mwezi wa Novemba, wakati Waingereza wanapopiga fataki, mimi na Bi Ilona tulikuwa tunapanda ngazi tumetoka sokoni. Wavulana wa jirani wakatupa fataki chini yetu, ikalipuka ndani ya zile kuta za zege. Kabla sijajua ni kitu gani Bi Ilona alikuwa ameshaniangusha na kunilalia, akipiga kelele kwa lugha yake. Mlipuko wenyewe haukunitisha sana. Kilichonitisha ni ule mwili mzito ukitetemeka juu yangu.

Kesho yake nikaamka sina sauti. Koo haliumi, ila neno linafika kwenye meno linarudi. Wiki zikapita. Mama, aliyekuwa akifanya kazi ya kutunza wazee, alirudi amechoka akanibembeleza niseme hata "ndiyo" tu. Shuleni walishamwambia kwamba nikiendelea hivi, baada ya Krismasi nitahamishiwa shule nyingine, ya watoto wasiosema. Nilimsikia akilia bafuni huku amefungua bomba, nikashindwa kumwambia basi, mama.

Bibi akanipikia kombe, kama wanavyosema kwao. Aliandika aya kwa zafarani kwenye bakuli jeupe, akaziosha kwa maji ya marashi, akaninywesha. Nikanywa yote. Kimya kilekile.

Ndipo Bi Ilona akaja, macho yamemvimba. Kwa kuwa mkalimani ndiye aliyekuwa mgonjwa, mama akatafsiri.

"Anasema hofu ni yake. Imemtoka yeye ikamwingia huyu Salma. Kwao mtoto aliyeshtuka huyeyushiwa risasi, siyo ya bunduki bali metali yenyewe, ikamwagwa kwenye bakuli la maji juu ya kichwa chake. Na anasema wewe huwezi kumtibu, kwa sababu ni mjukuu wako."

"Siwezi vipi? Nimemlea mimi!"

"Ndiyo maana. Kwao hofu hutolewa na mtu asiye wa kwenu. Mhungari humpeleka mtoto kwa Mserbia, Mserbia kwa Mromania. Hofu imeshaizoea lugha ya nyumbani, haiisikilizi. Na mimi nasema hapana. Risasi ni sumu, Mama. Tuna appointment ya speech therapist, yule mtaalamu wa matamshi, tusubiri."

Bibi akachukua lile bakuli jeupe akalisugua upya, nikajua kwake jambo limeshapitishwa.

Alhamisi mama alipokwenda kazini, Bibi akagonga mlango wa pili, Bi Ilona akaingia na kipande cha risasi, ile metali laini ya kutengenezea chubwi za kuzamisha mishipi ya kuvulia, na kijisufuria kikuukuu. Wakanikalisha kwenye kigoda, wakanifunika shuka. Bibi akashika lile bakuli lake jeupe juu ya kichwa changu huku akisoma kimoyomoyo, Bi Ilona akinong'ona ya kwao. Nikasikia chwaa! Maji yakachemka mara moja yakatulia, jikoni pakanuka chuma kilichoungua.

Wakafunua shuka tutazame umbo lililoganda. Bi Ilona aliona daraja. Bibi akaona ngamia, na ngamia hajapata kumwona ila kwenye picha. Bi Ilona akageuka kuzima jiko, na hapo Bibi akafanya lile ambalo kila bibi wa Unguja angelifanya. Maji yaliyosomewa hunywewa. Akanishika kisogo, akanisogezea bakuli mdomoni.

Bi Ilona aligeuka akaona, akapiga kelele. "No drink! Throw, throw!" Bibi akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, akidhani ni sehemu ya dua, akazidi kuliinamisha. Maji yalikuwa yameshagusa mdomo wangu.

"Bibi, siyo! Hayanywewi! Yanamwagwa!"

Mkono wake ukasimama. Bi Ilona akakaa sakafuni hapohapo akalia. Bibi akanitazama, machozi yanamtiririka, akasema, "Ala! Ndiyo adabu gani hii, kumkemea bibi yako?"

Mama aliporudi nikamwambia, "Karibu, mama," akanikumbatia na koti lake la mvua. Halafu akanusa hewa, akawagombeza wote wawili kwa lugha zote mbili. Nikashukuru kwamba mara hiyo hakuhitajika mkalimani.

Kilichonifungua mdomo sikijui. Bi Ilona alisema risasi, Bibi alisema aya, mama alisema ningesema tu. Mimi naona ni kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kusema. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni wiki iliyofuata, kazi yangu nimeshairudia, Bibi aliponiagiza, "Muulize, hofu yake yeye aliitoa nani?"

Bi Ilona akajibu polepole kwamba hakuna. Kijijini kwao mwenye kazi hiyo alikuwa bibi mmoja wa Kiserbia, aliyewatibu watoto wote wa Kihungari. Matata yalipoanza, Bi Ilona alimpeleka mwanawe mdogo aliyekuwa hapati usingizi. Yule bibi akafungua mlango nusu, akamwambia nenda kwa watu wako, akafunga. "Naye alikuwa anaogopa," alisema Bi Ilona. Wenzake wakitaja siku nchi yao ilipokufa, hutaja vita na bendera. Yeye aliitaja siku ya mlango ule.

Nilipomaliza kutafsiri Bibi aliinuka, akamwekea mkono kichwani, akamsomea kwa muda mrefu. Bi Ilona alifumba macho. Hakuna aliyenitaka nifasiri.

Ukubwani nimesoma vitabu kuhusu jimbo lile. Vinaeleza lilivyopewa mamlaka, lilivyonyang'anywa, na sehemu gani limerudishiwa. Sijaona kinachosema kwamba mama wa huko alimhitaji jirani wa lugha nyingine ili mwanawe alale. Nadhani hilo ndilo lililovunjika kwanza, na sijui kama bunge laweza kulirudisha.

Bibi na Bi Ilona wote wamekufa, nami nina mtoto wangu sasa. Majirani zetu ni watu wema, tunaamkiana ngazini. Lakini juzi mtoto alishtuka, akaamka analia hanyamazi, nikambeba mpaka mlangoni, nikasimama pale nimeshika kitasa, sijui niende kugonga kwa nani.