Niliyoyaandika Chula Bila Kuuliza

Kisa cha mjane wa kisiwa cha Chula kinasimuliwa Kismayu hadi leo kwa namna isiyo sahihi, na wanaokisimulia hucheka mahali pasipo na kicheko. Miaka mingi nilikuwa karani wa kadhi mjini humo, na kisa hicho kilipita mkononi mwangu. Tena kosa lake la kwanza lilikuwa langu. Nadhani hilo lanipa haki ya kulisahihisha.

Mama huyo alifiwa na mumewe na mwanawe mkubwa kwa siku moja, chombo chao kilipopinduliwa na tufani karibu na kisiwa cha Darakasi. Maiti hazikupatikana. Watu wa kisiwa waliwasalia sala ya ghaibu. Naye akakaa eda yake kamili, miezi minne na siku kumi, akatoka. Alibaki na binti wa miaka sita. Haukupita muda, shemeji yake, ndugu wa marehemu, muuza nguo wa Kismayu, akaja kwa kadhi kumdai mtoto. Alisema mama amerukwa na akili: halii, hakai na wanawake wenziwe, na kila asubuhi huingia majini akasema peke yake. Mwenye wazimu haachiwi mtoto kumlea. Kadhi akanituma Chula nikaone kwa macho yangu, niandike.

Asubuhi ya pili nilimkuta ufuoni, maji yamemfika magotini, ameinama. Mbele yake palikuwa na chazo, yule samaki ambaye utosi wake hunata, na ambaye wavuvi wa visiwa vile humfunga kamba mkiani, wakamwachia baharini amgande kasa, kisha wakawavuta wote wawili. Mimi ni mtu wa mjini. Kazi hiyo niliijua kwa kusikia tu. Mama alikuwa akimpapasa mgongo, akimlisha vipande vya dagaa, na kumsemesha.

"Jana umefanya nini, wewe? Kasa mkubwa vile, ukamwachia! Huna haya? Wenzako wote wanakucheka."

Kisha sauti yake ikashuka. Akaendelea kwa muda mrefu, na maneno yale sikuyasikia.

Nilirudi nilikofikia, nikaandika kwa hati nzuri kwamba nimemwona akizungumza na samaki kama azungumzavyo mtu na mtu. Kila neno lilikuwa kweli. Adhuhuri chombo kilikuwa kikiondoka kwenda Kismayu. Nikampa nahodha barua ile, nami nikabaki kungoja chombo cha baada ya siku tatu.

Kesho yake mwenyeji wangu, mvuvi wa makamo, alinichukua ufuoni akanionyeshe kazi zake. Alipofika alivua kofia, akaingia majini, akamshika chazo wake kwa mikono miwili.

"Simba wangu," akamwambia. "Bwana harusi wangu. Leo utanipa nini?"

Hatua chache kando, jirani yake alikuwa akimtukana wa kwake matusi ambayo siwezi kuyatia katika maandishi.

Nikauliza, "Nyote husema nao?"

Mwenyeji wangu akanitazama kama atazamwavyo aulizaye kwa nini chungu huinjikwa motoni. "Bwana karani, chazo ukimnyamazia hagandi. Mtu asiyekusemesha, wewe utamfanyia kazi?"

"Na yule mjane?"

"Chazo wake ndiye tunayemwazima sisi. Ni wa marehemu. Siku ya tufani samaki huyo alikuwa na jeraha la kamba, akaachwa kwenye maji ya ufuoni, ndiyo sababu yu hai. Mama amemuuguza mpaka akapona. Sasa kila aendaye naye hurudi na fungu la mama, naye na mwanawe hula." Akacheka. "Ninyi wa mjini mlidhani nini?"

Nikaanza kuhesabu siku za chombo cha kurudi.

Nilipofika Kismayu nilimwomba karani mkuu anirudishie barua niisahihishe. Alinijibu kwamba karatasi iliyokwisha kupokewa haiguswi. Nilimheshimu mtu yule, lakini nilikasirika siku ile na ningali nina hasira. Mtoto alikuwa karibu kutenganishwa na mamaye kwa sababu ya mstari mmoja wa wino wangu, na sisi tulikuwa tukichunga usafi wa karatasi.

Siku ya kesi mama alikuja amemshika binti mkono. Shemeji alikaa upande wa pili, kanzu yake imepigwa pasi, macho chini. Kadhi, mtu wa bara asiyejua uvuvi, alisoma barua yangu kwa sauti. Nikasimama kabla ya kuitwa.

"Sheikh, barua ni ya mkono wangu, nami naishuhudia kinyume."

"Ulichoandika si kweli?"

"Ni kweli. Lakini sikuuliza." Nikaeleza niliyoyaona baadaye, na yale maneno ya sauti ya chini ambayo sikuyasikia. Karani mkuu alinikazia macho muda wote.

Kadhi akamgeukia mama. "Unasema na samaki?"

"Nasema naye, Sheikh."

"Na samaki hukujibu?"

"Angekuwa hunijibu, ningemleta leo awe shahidi wangu."

Baraza zima likacheka, na kadhi akainamisha kichwa ili tusimwone. Kisha akamwuliza taratibu, "Kazi nimeifahamu. Lakini karani asema kuna maneno yaliyosemwa kwa sauti ya chini. Hayo nayo ni ya kazi?"

"La. Hayo ni ya mume wangu na mwanangu. Nikiwataja mbele ya watu, watu hulia, kisha huwa ni mimi wa kuwanyamazisha. Nimewanyamazisha wengi, Sheikh. Samaki namwambia yote, nikaosha uso, nikarudi kumpikia mwanangu."

Hakuna aliyecheka tena. Kadhi akatoa hukumu papo hapo: mama ana akili zake, na mtoto atakaa naye.

Shemeji hakubisha. Alifunika uso kwa ncha ya kilemba, mabega yakamtikisika. "Sikutaka kumdhulumu," alisema. "Mtoto huyu ana kicheko cha ndugu yangu. Nyumbani kwangu kumekuwa kimya, nikaona nikimpata yeye..."

Nilitazamia mama atoke bila kumtazama. Angekuwa na haki. Badala yake alimwendea. "Shemeji, basi si ungesema hivyo? Twende wote. Kaa kwetu siku saba, umsikie akicheka mpaka uchoke."

"Mimi sijapanda chombo tangu siku ile."

"Najua," akasema mama. "Mimi mwenyewe kuja huku ndiyo mara ya kwanza."

Binti akamwachia mamaye mkono, akamshika ami yake kidole kimoja.

Siku ya kuondoka niliwasindikiza, kwa ridhaa yangu, si kwa kutumwa. Shemeji aliingia chomboni amefumba macho, midomo ikisoma Kulhuwallahu. Akakaa sakafuni, mgongo umeegemea mbao. Mtoto akampandia pajani, na kabla hatujaivuka bandari alikuwa amelala. Bwana yule hakuusogeza mguu safari nzima, asije akamwamsha. Tulipofika Chula mguu ulikuwa umekufa ganzi kabisa, naye akachechemea mpaka mlangoni kwa mama, mtoto begani, akikataa katakata kupokewa mzigo wake.