La ya Asteria

Ukitaka kumwona Mwalimu Onesmo Ndaki akikasirika, mwambie kinanda chake ni kikuukuu. Kinanda hicho cha kukanyaga kwa miguu kilikuwa mali ya kigango tangu Katoro ni maduka machache na vumbi jingi. Kigango kiliponunua kinanda cha umeme, kile cha zamani kikasukumwa stoo na kulaliwa na magunia ya mahindi. Onesmo hakuvumilia. Alikwenda kukichukua kwa mkokoteni wa ng'ombe, mkewe Asteria akitembea nyuma ameshikilia kifuniko, na vijana wa bodaboda wakiwatania kwamba wanahamisha jeneza. Wenyewe nao wakacheka. Siku hizo walikuwa na nguvu za kucheka.

Ndani ya kinanda cha namna ile mna ndimi nyembamba za shaba, na upepo ukipita, kila ulimi unatoa sauti yake. Ukikwangua ncha ya ulimi kwa tupa ndogo, sauti inapanda. Ukikwangua shina, inashuka. Ni kazi ya subira na ya masikio mazuri, na Onesmo aliifanya kila mwaka kuelekea Pasaka. Uma wa chuma wa kupimia sauti, ule walioachiwa na mapadri, ulipotea zamani kwenye sherehe moja ya kipaimara. Basi Asteria, mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya ya mumewe, akachukua nafasi ya uma. Alisimama mlangoni asubuhi kabla ya chai, akatoa noti ya la, moja, ndefu, iliyonyooka, na la hiyo ilikuwa ile ile mwaka hadi mwaka. Onesmo aliupanga ulimi wa la mpaka ukalingana na mkewe, kisha la nyingine zote na noti zote zilizobaki akazitoa humo. Walifanya hivyo miaka ishirini na sita.

Asteria alifariki mwaka juzi. Hakuna aliyewahi kumrekodi. Simu zilikuwepo, akili ndiyo haikuwepo.

Na masikio nayo yalikuwa yamekwenda. Onesmo hakuishi kwa kwaya, aliishi kwa karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na karasha lilikula sikio la kulia lote na la kushoto nusu. Mwaka huu mi na sol kadhaa zilianza kukosana na wenzao. Alijua zinahitaji tupa, lakini aliogopa. Sauti ya mkewe ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya kinanda hicho, na akikosea kukwangua, basi.

Binti yake Violeth alimwekea programu ya kupimia sauti kwenye simu, ila simu ilisikia kinanda pamoja na kila bodaboda iliyopita barabarani. Mwisho mzee alimeza fahari yake akaenda sokoni kwa Kudra, mama anayeuza spika na nyuzi za gitaa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Nataka kile kidude kinachosikia kwa niaba ya mtu."

Kudra alicheka, akamwekea mezani tyuna mbili, vidude vya kupimia sauti. Moja ilikuwa ndogo, ya kubana kwenye gitaa. Ya pili ilikuwa na waya wa kunasia sauti na safu ya vitufe.

"Hii ndogo ndiyo wanayochukua vijana wa bendi," alisema. "Hii nyingine ina mambo mengi, labda nikuelekeze kidogo."

Kuelekezwa ndiyo dawa chungu kwa walimu wa kwaya.

"Yaya, hapana," alisema Onesmo. "Nipe ya vijana."

Nyumbani aliibana tyuna kwenye ubao, akabonyeza la. Sindano ikaanguka kushoto. Akabonyeza do, kushoto. Re, kushoto. Kinanda kizima kilikuwa chini. Aibu ikampanda hadi kwenye nywele. Kumbe miaka yote ile alikuwa anapanga vibaya, na watu walimsifu kwa heshima tu! Akachukua tupa, akaanza na la ya katikati kama kawaida, akaikwangua ncha mpaka taa ya kijani ikawaka.

Kisha akaibonyeza pamoja na la ya chini yake, akalaza shavu kwenye ubao. Tangu sikio limsaliti, hivyo ndivyo alivyosikiliza, kwa mfupa wa taya. Ubao ukatetemeka vibaya. Sauti mbili zilizopaswa kuwa ndugu zilikuwa zinagombana.

Hapo ndipo alipoelewa. Kidude kile kilijua la moja tu, ile ya bendi zote. La ya Asteria ilikuwa chini kidogo ya hiyo, nayo ameiondoa kwa mkono wake. Alikaa sakafuni akalia, na sioni haya kulisema.

Violeth alimkuta hapo alipotoka kazini. "Baba, kuna nini?"

"Nimemkwangua mama yako."

Violeth hakucheka. Kesho yake walirudi wote wawili kwa Kudra, na safari hii mzee alielekezwa kimya kimya kama mtoto wa komunyo ya kwanza.

"Hii ya vitufe unaiambia la yako ni ipi," alisema Kudra, "nayo inafuata."

Nyumbani Violeth aliketi kwenye kinanda, akakanyaga, akabonyeza la ya chini. Onesmo akashusha namba kwa kitufe kutoka 440, ile ya bendi, moja moja, hadi sindano iliposimama wima. 431. Violeth akabonyeza la ya juu. Sindano ikasimama. Akabonyeza ya juu kabisa. Ikasimama.

"Baba, mama yupo hapa," alisema. "Na hapa. Na hapa."

Onesmo akachukua tupa. Aliutoa ulimi alioharibu, akaukwangua shinani, kidogo, akaurudisha, akapima, akautoa tena. Mara ya tano sindano ikasimama kama kwa wenzake. Akamwomba binti yake abonyeze la mbili kwa pamoja, akalaza shavu kwenye ubao. Ubao ulikuwa umetulia.

Muda ukapita. Miguu ya Violeth ikaanza kuchoka kwa kukanyaga.

"Baba, niache?"

"Bado," alisema Onesmo bila kuinua shavu.

Violeth akaendelea kukanyaga.