Mkata Mikate Aliyeagizwa Kuoka

Mdogo wangu wa mwisho alifanya kazi kiwanda cha mikate tangu usichana wake. Ukipita mtaani kwetu ukauliza nyumba ya Mama Kisu, hata mbwa atakuonyesha. Jina hilo alilipata huko huko kazini, kwa sababu alikaa kwenye mashine ya kukata. Mkate ulimfikia umeshaokwa na kupoa. Anausukuma, unatoka vipande, anavitupia jicho, mbovu anauweka kando. Unga aliusikia tu, upande wa pili wa ukuta.

Kiwanda kikafungwa. Mtaa mzima ukajiambia, sasa tunaye mwokaji. Watu hawajui kwamba kiwandani mtu anaweza kuzeekea chumba kimoja asijue cha pili kina nini.

Basi akaja mwenye mgahawa wa kona, mama mwenye sauti ya kufukuza kuku, ambaye huniita shemeji bila sababu yoyote isipokuwa sura yangu. Aliyekuwa akimpelekea mikate alikuwa amehama.

"Mama Kisu, keshokutwa nakuja kuonja mkate wako. Nikiupenda, mikate yote ya mgahawa ni yako. Nisipoupenda, kuna mwingine ananisubiri."

"Njoo tu," mdogo wangu akajibu, mkavu kabisa.

Mama wa watu alipotoka nikamgeukia. "We, umewahi kukanda?"

"Sijawahi."

"Na umemwambia aje?"

"Sasa ningemwambia nini, kaka? Kazi sina. Nikae nifukuze nzi?"

Mimi niliishia la saba, lakini la saba la zamani, lile lililokuwa na shule ndani yake. Nikampa somo: unga wa ngano, hamira, chumvi, sukari kidogo, mafuta, maji.

"Maji gani?"

"Maji ni maji," nikamwambia.

Akamimina ya birika, yanachemka. Donge likakaa kwenye beseni chini ya kitambaa, halikujitikisa. Akalioka hivyo hivyo ndani ya sufuria, makaa chini na mengine juu ya mfuniko. Mkate ulipopoa akaukata, akainua kipande kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa kizito kama sabuni ya mche.

"Huu naujua," akasema. "Bomba la kiwandani liliwahi kuharibika, likawa linatoa maji ya moto. Tulitupa mikate ya namna hii hii. Maji yameiua hamira."

"Si nilikwambia?"

"Hukusema kitu."

"Nilifikiria kwa nguvu."

Mara ya pili akatumia maji ya uvuguvugu. Donge likaumuka mpaka likainua kitambaa, nikapiga makofi. Yeye akaenda kuanika nguo, akakutana na jirani, na wewe unajua mambo ya jirani. Aliporudi, donge lilikuwa limefura mpaka limeanza kunywea. Akalioka. Alipoukata, chini ya ganda mlikuwa na pango ambalo panya angepanga na familia yake.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa umeme ukikatika," akasema. "Donge linasubiri mpaka linachoka."

Ndivyo alivyojifunza, kinyumenyume. Wenzake huanza na unga wakafika kwenye mkate; yeye alianza na kipande akarudi nyuma mpaka kwenye unga. Iliyoharibika niliila mimi na chai. Meno yangu, ambayo mtaa mzima unayasifu, hayakulalamika.

Siku yenyewe alikanda mpaka donge likaacha kumng'ang'ania vidoleni. Likaumuka, akaligandamiza likashuka, akalilaza kwenye sufuria iliyopakwa mafuta likaumuka tena, naye safari hii hakubanduka hapo. Jirani aliita mpaka akachoka. Mkate ulikuwa ndiyo kwanza unatoka motoni mwenye mgahawa alipoingia, akanusa, akanyoosha mkono kwenye kisu.

Mdogo wangu akauvuta mkate upande wake. "Ngoja upoe."

"Nimeacha wateja, Mama Kisu! Mkate wa moto ndio mtamu."

"Ukiukata sasa utabonyea, ndani utanata kama gundi. Utasema haujaiva."

"Nitasema ninavyotaka. Mnunuzi nani hapa?"

"Wewe. Lakini huukati."

Nikamnong'oneza, "Mdogo wangu, mpe kisu, kazi inakwenda hiyo."

"Kaka, kunywa chai."

Mwenye mgahawa akanitazama. "Shemeji, huyu mdogo wako ana kichwa kigumu."

"Urithi huo," nikasema. "Mimi nilichukua uzuri, yeye akabakiwa na kichwa."

Hakucheka. Akaketi kwenye kigoda, akatazama mlango. Akainuka, nikajua anaondoka. Kumbe anakisogeza kigoda karibu na mkate. Mdogo wangu akaendelea kuosha beseni kana kwamba nyumba haina mgeni. Nilitaka kumfinya.

Mwishowe mdogo wangu akaugusa mkate chini kwa mgongo wa kiganja, akaukata. Ndani ulikuwa mweupe, laini, bila pango wala unyevu. Mwenye mgahawa akala kipande kikavu, bila kupaka kitu. Akala cha pili. Akajikung'uta makombo kifuani.

"Unaweza kuniokea mingapi kwa siku?"

"Sufuria ni hiyo moja tu."

"Nitakuletea za kwangu." Akafika mlangoni, akageuka. "Lakini nikija, usinipangie tena saa ya kukata."

"Nitakupangia," mdogo wangu akasema, akamfungia vipande vilivyobaki.