Fundi makochi aliziba jino kwa gundi, goti likavimba

Asubuhi, fundi makochi amekaa kwenye kigoda ndani ya karakana yake, mguu wa kulia ameunyoosha mbele kama mtu anayeota moto. Misumari midogo imejaa kikombe cha bati kando yake. Mkono unachota michache, unapanda wenyewe kuelekea mdomoni.

"Weka chini!" Sauti ya mkewe inatoka nyuma ya rundo la sponji.

Mkono unashuka.

"Huyu ana macho kisogoni," fundi ananong'ona, akicheka kwa upande mmoja wa uso. Upande wa pili una pengo.

Wateja humwita Misumari. Tangu ajifunze ufundi, ghala lake lilikuwa mdomo: ulimi unasukuma mmoja, vidole vinaupokea, nyundo inashuka. Aliweza hata kusengenya mtu mdomo ukiwa umejaa chuma, na kila neno likasikika.

Siku moja alicheka vibaya. Msumari ukanasa katikati ya magego, moja likapasuka.

Daktari wa meno alilisafisha, akaliziba kwa dawa ya muda na kumwambia arudi wiki inayofuata kumalizia. Maumivu yakaisha. Fundi hakurudi.

"Nirudi kufanya nini? Kumsalimia?"

Dawa ile ikadondoka, tundu likabaki wazi. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mkewe akilisimulia hadi leo hushika kichwa. Alichukua pamba, akaichovya kwenye gundi ya kubandikia sponji, akaishindilia ndani ya jino.

"Kazi yangu ni kujaza na kuziba," anajitetea. "Na ilishika!"

"Ilishika, baba watoto. Ukawa unanuka kama kiwanda cha viatu."

Baada ya muda goti la kulia likaanza kuuma. Hakushtuka, fundi makochi hushinda amepiga magoti. Alilichua, akalifunga kwa kipande cha kitambaa cha kochi, tena chenye maua. Goti likavimba, likawa la moto. Homa ikampanda hadi akamwita mkewe kwa jina la mama mkwe.

Hospitalini daktari wa mifupa alidunga sindano gotini, akavuta. Ukatoka usaha. Akautazama, kisha akasema: "Fungua mdomo."

"Dada, ni goti," fundi akamkumbusha kwa adabu.

"Goti nimeliona, baba. Fungua mdomo."

Akachungulia. Akamwita mwenzake, naye akachungulia.

Majibu ya maabara yalionyesha kuwa vijidudu vya gotini ni vya aina inayoishi mdomoni.

"Siwezi kuapa kwamba vilipitia kwenye jino," anasema daktari huyo. "Si kila goti linalouma linatokana na kinywa. Lakini jino bovu likizibwa uchafu ukiwa ndani, vijidudu vinaweza kuingia kwenye damu vikatua kwenye kiungo cha mbali. Hili nalishuku sana."

Mkewe anakumbuka alivyoketi sakafuni palepale wodini. "Nilijua jino bovu linaharibu jino. Kumbe lina miguu!"

Gego liling'olewa, goti likafunguliwa na kuoshwa, dawa zikafuata kwa wiki nyingi. Fundi alipona, ila goti linakunjika nusu tu, halafu linagoma. Na ukingo wa chini wa kochi haupigiliwi misumari mtu akiwa amekaa. Sasa mkewe ndiye anayepiga magoti, fundi anatoa amri asizoombwa.

Kila asubuhi anafanya zoezi alilopewa. Anajishusha taratibu, goti likitua juu ya sponji zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kila goti linapolegea, sponji moja inaondolewa. Siku sponji zitakapoisha zote, anasema, kazi ya kwanza ni kochi la nyumbani kwake, ambalo limetoa sponji nje kama ulimi huku akishona ya watu.

"Nitaamini nikilikalia," mkewe anamchokoza.

Fundi anashika meza, anashuka. Uso unakunjamana, anatweta. Goti linatua.

"Mbona leo ni chini hivi?"

Mikono ya mkewe iko mgongoni, na kona ya sponji inachungulia kiunoni.

"Endelea," anasema. "Kaa hapohapo."