Biskuti ya Zamu Nzima

Mwaka ule unga wa ngano, sukari na mafuta ya kula vilipanda bei kwa pamoja, utadhani vilikuwa vimekaa kikao. Mimi nilikuwa afisa masoko wa kiwanda cha biskuti pale Kahama. Nasema kiwanda kwa kumheshimu bosi wangu. Lilikuwa ghala la zamani la pamba lenye tanuri moja, na siku za upepo nyuzi za pamba bado zilidondoka kutoka kwenye kenchi. Tulikuwa watatu: bosi, mama wa makamo aliyeoka tangu usichana wake; mwokaji, mwanaume mpole mzaliwa wa Tinde; na mimi, mwenye pikipiki na cheo.

Wenzetu wa biashara walifanya lile linalofanywa na wengi. Pakiti ilibaki na sura ileile, biskuti za ndani zikapungua. Nikamshauri bosi na sisi tufanye hivyo.

"Ukifungua pakiti ukakuta imejaa hewa, unajisikiaje?" akaniuliza.

"Vibaya, mama."

"Basi. Hewa siuzi."

Ndipo mwokaji akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa ya kwenda msibani, kwamba kwao mtama upo tele na bei yake haijapaa. Tukakubaliana: nusu ya ngano itoke, mtama uingie, sukari ipungue, mafuta yapungue zaidi. Kwenye karatasi ilikuwa biskuti nzuri sana.

Siku ilipotoka tanurini, bosi aliichukua ya kwanza, akauma. Akashika taya, akaihamishia biskuti upande wa pili, akauma tena. Mwokaji akaitumbukiza yake kwenye chai. Chai ikapoa, akainywa, akabaki na biskuti nzima mkononi, imelowa juu tu kama jiwe la mtoni. Nikamtupia kuku wa jirani kipande. Akakidonoa mara moja, akanitazama, akaondoka.

"Tumeoka vigae," bosi akasema.

Lakini katoni zilikuwa zimeshajaa, na bosi hakuwa mtu wa kutupa chakula. Akaniambia nizipeleke mbali, mahali ambapo hatafahamika. Nikafunga mzigo kwenye pikipiki nikaelekea upande wa Bulyanhulu, kwa wachimbaji wadogo.

Nilifikia kwenye kibanda cha mama mmoja anayeuza chai karibu na mashimo, ambayo wao huyaita maduara. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mchimbaji mrefu, vumbi mpaka kwenye kope. Aliuma, akaitoa biskuti mdomoni, akaigeuza, akaimulika kwa tochi ya kichwani, mchana kweupe. Nikaanza kupapasa mfukoni nimrudishie hela yake. Yeye akaibana shavuni na kushuka nayo shimoni.

Nikabaki pale kwa sababu pikipiki ilikuwa imepata pancha. Alasiri akapanda juu, akanijia moja kwa moja, shavu bado limevimba.

"Kiongozi," akasema, akajitoa kipande mdomoni na kuwaonyesha wenzake. "Bado ipo!"

Watu wakajaa. Akawaeleza kwamba biskuti nyingine ukiwa chini unameza tatu na dakika hiyo hiyo umezisahau. Hii ameingia nayo, amechimba nayo, amepumzika nayo, ametoka nayo. "Kila kitu siku hizi kinaisha haraka," akasema. "Sukari inaisha, mafuta yanaisha. Hii inakaa." Kabla sijaziba pancha, katoni zilikuwa zimekwisha.

Niliporudi na habari hiyo bosi alifurahi, kisha akaaibika, kisha akakasirika. Alikuwa ameoka maisha yake yote ili biskuti iyeyuke mdomoni, na sasa watu wanamsifia kitu kilichomshinda kuku. "Tutawapa iliyo bora," akasema. Akaongeza mafuta, akaongeza sukari kidogo kutoka kwenye akiba yake mwenyewe. Ikatoka biskuti laini ya mtama, yenye harufu nzuri kweli. Nikaipeleka machimboni nikiwa najisikia fahari.

Siku ya tatu walikuja wachimbaji watatu kwenye pikipiki moja. Yule mrefu alikuwa mbele, na katikati alikaa mwenzao anayefanya kazi kwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe. Wakamwamkia bosi shikamoo kwa adabu zote, wakakaa kwenye magunia, wakafungua kitambaa mezani. Ndani mlikuwa na unga.

"Mama, hizi ni biskuti zako," akasema mrefu. "Zimevunjikia mfukoni."

"Ni laini, baba. Nimeongeza mafuta."

"Ndiyo tunachokisema. Mmetupunja."

Yule wa karasha akachukua chembe, akaisugua kati ya vidole viwili, akatikisa kichwa kama daktari. "Jiwe likiwa hivi sisi tunaliita bovu."

"Lakini hii ni biskuti, mwanangu. Siyo jiwe!"

"Tunaelewa, mama," akamjibu kwa upole. "Ila ya kwanza ilikuwa nzuri."

Bosi aliwaahidi ya kwanza. Walipoondoka tukagundua kwamba hatuijui. Tulirudisha vipimo vilevile, ikatoka biskuti ya kawaida tu, kavu, isiyo na sifa. Tukarudia. Bosi akamketisha mwokaji.

"Siku ile ulifanya nini?"

Mwokaji akatazama chini. Mwishowe akakiri kwamba siku ile, biskuti zikiwa tanurini, baba mkwe wake alipita nje na baiskeli akielekea sokoni, na yeye akatoka kumsalimia. Anayewajua Wasukuma anajua kwamba mkwe hasalimiwi kwa kupungiwa mkono. Unaulizia nyumba, watoto, mvua, mashamba, ng'ombe, halafu naye anaanza kukuuliza wewe.

"Mlisalimiana kwa muda gani?"

"Mpaka tukamaliza, mama."

Hakukuwa na njia nyingine. Mimi ndiye niliyetumwa kijijini kumchukua mzee kwa pikipiki. Njia nzima aliamini kwamba binti yake amepatwa na jambo, na nilipomwambia kwamba anahitajika aje kusalimiwa, alianza kunong'ona nyuma yangu, nadhani akiomba.

Wakasimamishwa mahali palepale, nje ya mlango. Bosi akaingiza biskuti tanurini, mimi nikawasha saa ya simu.

"Mwadila, baba," mwokaji akaanza kwa Kisukuma, jasho likimtoka.

"Mwadila."

Wakaulizana nyumba. Wakaulizana watoto. Kisha wakakwama, kwa sababu hawakuwa wameonana siku nyingi mara ile ya kwanza, na safari hii hakukuwa na jipya. Mzee akatuangalia sisi, kisha simu yangu, kisha mkwewe. Bosi akatoa kichwa dirishani.

"Ng'ombe!" akanong'ona kwa nguvu. "Hujamuuliza ng'ombe!"

"Ng'ombe hawajambo?" akauliza mwokaji.

"Hawajambo wote," akajibu mzee, akaanza kujitanda shuka lake aondoke.

"Mmoja mmoja, mzee wangu," bosi akamsihi. "Tafadhali."

Na mzee, Mungu ambariki, akawataja mmoja mmoja, kwa rangi na kwa pembe, pamoja na ndama aliyezaliwa kilema. Alipomaliza tukafungua tanuri. Bosi akagonga biskuti kwenye ukingo wa meza. Meza ikapata alama. Nikaandika muda ule ukutani kwa mkaa, na tangu siku hiyo hatukumsumbua mtu.

Tulichapisha pakiti yenye neno moja kubwa: INAKAA. Chini yake, baada ya bibi mmoja wa Shinyanga mjini kutuletea jino lake kwenye bahasha, tukaongeza: Lamba kwanza. Ikauzwa kila penye mashimo, mpaka upande wa Geita, na kiwanda kikasimama imara wakati wengine wakifunga milango.

Bosi hakuipenda kamwe. Nilimkuta mara nyingi akiitazama kama mtoto wa mwenzake aliyeachiwa amlee. Ila miezi kadhaa baadaye yule mchimbaji mrefu alirudi peke yake, amenawa, amevaa shati la kanisani. Alichukua katoni yake ya kawaida, akabaki amesimama mlangoni.

"Mama, zile laini huoki tena?"

"Si mlizikataa wenyewe?"

"Za kazini tulizikataa. Ila nina mtoto nyumbani, ameota meno mawili tu."

Bosi alifunga aproni yake hapohapo. Alimuuliza mtoto ana umri gani na anapenda nini, akaagiza nimletee mchimbaji kiti, kisha akaenda mwenyewe kuchota unga wa ngano, uliokuwa bado ghali vilevile.