Chupa Nne za Mkojo wa Mdogo Wake

"Mkojo, mkojo, kila mkiniona! Kwani mimi bomba la maji?"

Aliyemfokea nesi wa kliniki hivyo ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, ambaye nyumbani tunamwita Hakimu kwa sababu hakuna asilolitolea hukumu. Ana miaka kumi na sita, saba kati ya hiyo akiwa na sukari. Hujichoma insulini tumboni huku akinikosoa ninavyopiga pasi.

"Jaza chupa hii hapahapa," nesi alisema. "Ya nyumbani siitaki."

"Mama mkubwa, muone!"

"Ulimi hauna mfupa," nikamwambia, "lakini miguu unayo. Nenda chooni."

Kijikaratasi cha kupimia kikabadilika rangi. Nesi akampima presha mkono mmoja, akahamia wa pili. Akafungua faili: mara nne mwaka mzima, mkojo safi kabisa.

"Zile chupa nne zilikuwa za nani?"

"Za mdogo wangu," Hakimu akasema. Zilikuwa za binti yangu wa miaka minane. Na mimi ndiye niliyekuwa nikizifunga kwenye mfuko, najisifu Hakimu ana nidhamu!

"Rafiki yangu wa hapa kliniki alianza na protini kwenye mkojo," akasema. "Sasa anasafishwa damu kwa mashine. Nikaona, msipoiona, haipo."

Daktari akasema figo zimeanza kuvuja, na moyo wake unasukuma damu kwa presha ya mtu wa umri wangu. Ni mapema bado, akasema. Vidonge na sukari iliyotulia vinaweza kulizuia tatizo, ila lazima apimwe yeye, si mwingine. Nikajibu "sawa, daktari" kama mtu aliyetajiwa bei ya uzi.

Nikarudi nyumbani kwenye cherehani yangu ya kazi, nikapinda sketi kumi na moja za shule. Sikulia. Sindano ilinichoma kidole. Nilijua nilipoona damu kwenye kitambaa.

Wiki nne zikapita. Kila asubuhi niliweka kidonge kando ya kikombe chake, akameza, akaondoka.

Siku ya kliniki alinitangulia. Akatoka chooni na chupa, akaiweka mezani kwa nesi.

"Huu wangu. Na zile nne, najua nadaiwa."

Nesi akachukua kalamu, akayapiga mstari majibu yote manne ya nyuma.

"Hizo hudaiwi. Kaa, nikupime presha."

Hakimu akakunja mkono wa shati.